Nguruwe Kumi na Tisa

Jembe la kwanza lilipofumua udongo na harufu ya uozo ikapanda, Theresia hakuziba pua. Alisimama ukingoni mwa shimo, kaniki ya msiba imemkaza kifuani, akamwambia konstebo aliyekuwa akichimba aongeze nguvu, kwani hapo hapakuzikwa mtu wa kuogopwa, palizikwa jasho lake.

Sajini Salehe Mloka alikuwa amesimama upande unakotoka upepo, leso puani. Alikuwa mtu wa Mwembesongo, Mwislamu mtoto wa Mwislamu, na katika miaka kumi na saba ya upolisi alikuwa amefukua maiti wawili na sanduku moja la bunduki, lakini nguruwe hakuwahi. Kituoni Morogoro wenzake walicheka waliposikia ametumwa nini. Siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya pili alisoma jalada, na tangu hapo aliyecheka mbele yake alijuta.

Jalada lenyewe lilikuwa ukurasa mmoja. Lilisema kwamba tarehe kumi na nne Januari, mwaka 1953, katika kijiji cha Lusange juu ya Matombo, mkulima aitwaye Kasiani alilewa, akaanguka korongoni, akafa. Aliyetoa taarifa ni Jumbe Alois, mkuu wa kijiji. Chini kabisa, kama jambo la pembeni, iliandikwa kwamba siku hiyohiyo nguruwe wote wa Lusange, ishirini na watatu, waliuawa na kuzikwa kwa amri ya serikali kwa sababu ya homa ya nguruwe. Pale mwisho palikuwa na sahihi, na baada ya sahihi hapakuwa na kitu. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Aliyeuliza ni mjane. Theresia aliteremka kwa miguu kutoka mlimani hadi mjini, akakaa kwenye benchi la kituo siku mbili, akirudia maneno yaleyale kwa kila aliyepita: mume wangu alikuwa hanywi. Salehe alimwandika. Kisha akaenda ofisi ya mifugo kuuliza ni nani aliyetumwa Lusange. Karani akafungua daftari la safari, akapitisha kidole juu chini, akatikisa kichwa. Hakutumwa mtu. Wala homa ya nguruwe haikuwa imeripotiwa popote upande ule. Basi yule bwana wa kaki ambaye Theresia alieleza kwamba alisimama mbele ya wanakijiji na hati yenye muhuri, akawasomea amri, hakuwa bwana mifugo. Alikuwa mwizi mwenye sauti kubwa.

Na watu walimtii. Jambo hilo lilimchoma Salehe kuliko yote. Walitii kwa sababu walikwisha kufundishwa. Waliouliza maswali kuhusu amri ya serikali ya kuchimba matuta mashambani walitozwa faini, na mwenye kutozwa faini mara moja hujifunza kunyamaza akiona kaki.

Konstebo alifika kiunoni, akasimama. Shimoni mlikuwa na matumbo, kwato, na tope la majivu lililochanganyika na singa nyeusi, rundo juu ya rundo. Hapakuwa na fuvu. Hapakuwa na ubavu. Hapakuwa hata na kipande cha ngozi.

Jumbe Alois alikuwa amekuja nao. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, koti limefungwa vifungo vyote na kofia ya pama haimtoki kichwani. Alichungulia, akasikitika, akasema ni fisi. Fisi wa milima ile, alieleza, hufukua chochote.

Salehe akamuuliza kama fisi wa milima ile hula mifupa na fuvu wakaacha matumbo, kisha wakarudishia udongo na kuukanyaga. Jumbe akajibu kwamba mnyama hana kanuni. Salehe hakubishana naye. Aliokota kijiti, akainua fungu la singa, akamwita Theresia aje aone.

"Hizi zimetokaje hivi, mama?"

Theresia alizishika kwa vidole vyake, akazisugua, akazinusa. Akaeleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kwake. Singa za nguruwe huparuzwa baada ya kumwagiwa maji ya moto, lakini maji yasiwe yamechemka kabisa, kwani yakichemka ngozi hukaza na singa hazitoki. Hizi zimetoka na mizizi yake. Aliyefanya kazi hii anaijua.

Salehe aliandika, akafunga daftari, akamgeukia Jumbe. "Mtu anayezika nguruwe mgonjwa hamparuzi singa," alisema. "Huyu aliparuzwa aliwe."

Jumbe akasema labda mabwana wa mifugo wana taratibu zao. Salehe akamwomba basi atoe maelezo yake kamili, palepale, juu ya jiwe. Jumbe alieleza kwamba mtu wa kaki hakumfahamu, alimwona siku ileile kwa mara ya kwanza. Hati ilipokwisha kusomwa, homa ilimshika, akarudi nyumbani akalala, shimoni hakufika. Hata yeye, aliongeza kwa uchungu, aliswagiwa nguruwe wake wanne pamoja na wa wenzake. Salehe alimsomea maneno yake taratibu, neno kwa neno, akampa kalamu. Jumbe akatia sahihi.

Walipobaki peke yao njiani, Theresia alisimama. Hasira aliyokuwa ameibana tangu asubuhi ilimtoka. Alimuuliza Salehe ni dhihaka gani hii, serikali kumletea Mwislamu, mtu ambaye kwake mali ya Theresia ni haramu. Mtu anayesimama mbali na shimo na leso puani, atampatia haki gani?

"Sikuja kuwala, mama," Salehe alimjibu. "Nimekuja kumtafuta aliyewala."

Akairudisha leso mfukoni, na hakuitoa tena.

Theresia akaanza kusema. Nguruwe wa Lusange walikuwa weusi, wafupi wa miguu, pua ndefu, na singa zimewasimama mgongoni kama ufagio. Wazee walisema mbegu yao ililetwa na mapadri wa kwanza kutoka Bagamoyo, nguruwe wakapandishwa mlimani wakiwa wamefungwa kwenye miti kama wagonjwa wanaobebwa. Bwana shamba mmoja aliwahi kuwataka wabadilishe wafuge weupe wa kizungu wanaonenepa upesi. Walijaribu wawili, jua likawababua ngozi, na mteremko ukawavunja miguu. Wale weusi walikula mafenesi, ndizi zilizoanguka na maganda ya mihogo, wakajilea wenyewe. Yeye na Kasiani walikuwa nao saba. Jike mmoja alikuwa na mimba.

Kasiani aliamini ile amri, Theresia alisema. Aliwatoa bandani kwa mkono wake. Mchana akaona moyo haujatulia, akasema anakwenda kutazama kama shimo limechimbwa refu, mbwa wasije wakafukua ugonjwa wakauleta kijijini. Hakurudi. Jioni waliletewa mwili.

"Nani alimwosha?"

"Mimi na jirani yangu Scholastika. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Na hapa." Alijishika vifundo vya mikono, mkono huu kisha huu. "Kote kuwili palikuwa peusi. Vidole vinne upande huu, gumba upande huu. Nilimwonyesha Jumbe. Akaniambia ni damu ya maiti, huzama."

Salehe aliandika hayo kwenye ukurasa wake peke yake, akamwita Scholastika, naye akasema vilevile bila kuongozwa. Kisha aliuliza swali alilokuwa amelisogeza mbele tangu shimoni: majivu yale ni ya nini? Theresia akasema hapo ndipo alipokuwa akingoja aulizwe. Watu wa Lusange humbabua nguruwe kwa moto wa majani makavu ya mgomba. Kutia majivu kwenye maji ya kumparuzia ni ufundi wa jikoni kwa mapadri, na yeye alimjua mtu mmoja tu aliyeuchukua ufundi ule akatoka nao. Aliitwa Andrea, mgeni aliyekuja kupika misheni akaondoka. Sasa alikuwa na mkahawa wa mabati Msamvu, akiwapikia wakata mkonge.

Waliteremka na lori la polisi kesho yake asubuhi, Theresia ameketi mbele. Mkahawa wa Andrea ulikuwa na meza tatu, na nyuma yake jiko la wazi lenye uchanja wa miti mibichi juu ya moto wa mpera. Nyama ilikuwa imepangwa juu ya uchanja, vipande kwa vipande, moshi mweupe unaipitia. Kwenye sufuria mlikuwa na ndizi mbichi zikiiva ndani ya mafuta ya nguruwe, zimetiwa ndimu na pilipili manga. Andrea alikuwa mwembamba, mpole wa sura, aproni yake safi. Alimwamkia Salehe kwa heshima zote. Hakumwangalia mwanamke aliyekuja naye.

Theresia aliomba sahani. Alikula amesimama, polepole, kipande cha nyama yenye ngozi na ndizi moja, wakata mkonge wawili wakimtazama. Alipomaliza, alipapasa ule ukingo wa mafuta uliobaki sahanini. Nguruwe wa mjini, alisema bila kupandisha sauti, anayelishwa machicha ya pombe, mafuta yake ni maji, yanakukimbia mkononi. Haya yamesimama. Huyu alikula fenesi mpaka siku ya kufa kwake. Na ngozi yake ni nyeusi.

Andrea akasema nyama ile aliinunua Mgeta. Salehe akamwambia kwamba mama anaweza kuonja na mahakama isimsikilize, kwa hiyo yeye angependa kuona vichwa. Konstebo akazunguka nyuma ya jiko, akarudi na vichwa viwili vilivyokaushwa kwa moshi. Vyote viwili havikuwa na masikio.

"Nguruwe wa Mgeta huzaliwa hivi?" Salehe aliuliza.

Theresia alikwisha kuelewa. Akamweleza sajini. Kila nyumba Lusange ilikuwa na alama yake ya kukata sikio. Ya kwake ilikuwa mapengo mawili kushoto. Na watu wa Matombo hupita Msamvu kila siku ya soko na ndizi zao. Wangeyatambua masikio yale kutoka barabarani.

Salehe alivua kofia, akaketi, akamwambia Andrea jambo alilofikiri usiku kucha na ambalo vichwa vile vimemkamilishia. Mwizi mgeni hajui kwamba sikio lina jina. Aliyekata masikio haya ni mtu wa Lusange. Na katika shughuli ile mtu alikufa, kwa hiyo Andrea achague leo, akae upande wa mashahidi au upande wa washtakiwa.

Andrea aliketi juu ya gogo la kukatia nyama, akaeleza yote. Aliyemtafuta alikuwa Agustino, mtu aliyepata kuwa karani kwenye shamba la mkonge akafukuzwa, na kaki yake akabaki nayo. Agustino alimwambia ananunua nguruwe mlimani, anahitaji mpishi wa kuwaparuza na mapipa matatu. Andrea alikwenda. Alifanya kazi kando ya kijito, chini kidogo ya shimo, akiletewa nguruwe waliokwisha kuchinjwa, na wote waliletwa hawana masikio. Juu kwenye jiwe aliketi mtu mnene mwenye kofia ya pama, ndiye aliyekuwa na kisu. Mchana alisikia mwanamume akisema kwa sauti, kisha sauti ikakatika. Agustino akateremka, akamwambia ni mlevi, amekwenda zake.

"Wewe ukaendelea kuparuza," Theresia alisema.

"Wangapi?" Salehe aliuliza. "Uliparuza nguruwe wangapi?"

Kumi na tisa. Alikuwa na uhakika, kwa sababu alichoka kwenye wa kumi na nane na akaambiwa bado mmoja.

Salehe alifungua daftari kwenye maelezo ya Jumbe. Ishirini na watatu walitolewa mabandani. Kumi na tisa walifika kwenye maji. Wanne walipotea kati ya banda na kijito, na mtu mmoja tu Lusange alikuwa na nguruwe wanne. Akamuuliza Theresia kama Jumbe ana ndugu karibu. Theresia akasema shemeji yake, kaka wa mkewe, yuko Mtamba, chini ya kijiji, ana shamba la migomba.

Walifika Mtamba saa nane mchana. Shemeji wa Jumbe hakuwepo. Nyuma ya nyumba, ndani ya boma jipya la mianzi, walikuwemo nguruwe wanne weusi, wazima, wamenona, masikio yao yametimia na kila sikio la kulia lina tundu moja katikati. Theresia akasema hiyo ndiyo alama ya Alois. Mtu kijana, mrefu, alikuwa ameinama akiwamwagia maganda ya ndizi, mgongo amewapa wageni. Shati lake lilikuwa la kaki.

Agustino alikimbia. Aliruka uzio, akaingia migombani, akateleza kwenye tope la kijito, konstebo akamwangukia mgongoni. Mfukoni walimkuta na hati ile ya amri, na muhuri aliouchonga kwenye kisigino cha mpira wa kiatu. Pingu zilipofungwa, neno lake la kwanza halikuwa kuhusu nguruwe. Alisema, hajaulizwa, kwamba aliyempiga Kasiani ni Jumbe.

Theresia alimsogelea, akaliangalia lile shati. Kitambaa kile ndicho ambacho mumewe alikitii. Alilishika ukosi, akalivuta kwa mikono miwili mpaka vifungo vikaruka majini. Konstebo alimtazama sajini wake. Sajini alikuwa akitazama nguruwe.

Jumbe Alois walimkuta barazani kwake. Alipoona Agustino amefungwa pingu, shati wazi, alivua kofia kwa mara ya kwanza. Salehe hakukalia kiti alichopewa. Alimsomea maelezo yake ya jana. Mtu wa kaki hakumfahamu, na amemficha kwa shemeji yake. Shimoni hakufika, na mpishi amemwona ana kisu. Nguruwe wake wanne waliuawa, na wako Mtamba wanakula ndizi. Kununua nguruwe kumi na tisa kwa wenyewe ni gharama. Kuwatisha ni bure. Hayo yalikuwa yamekwisha, Salehe alisema. Lililobaki ni Kasiani.

Jumbe akasema aliyepiga ni Agustino, kwa mpini wa shoka, kutoka nyuma. Agustino akapiga kelele kwamba ni uongo. Wakaanza kushindana, huyu akimtupia yule, mpaka Salehe alipopiga ubao wa baraza kwa kiganja.

"Maiti alikuwa na alama za vidole mikononi, kote kuwili," alisema. "Mtu mmoja hawezi kushika mikono miwili kutoka mbele akapiga kisogo kutoka nyuma. Mmoja alishika, mmoja alipiga. Mnagombea nini?"

Sauti ya Jumbe ilipotoka, ilikuwa ndogo.

"Mimi nilimshika tu. Nilitaka anisikilize."

Agustino akainamisha kichwa, na Salehe akaona hakuna haja ya kumuuliza nani basi aliyekuwa nyuma.

Theresia alikuwa amesimama chini ya ngazi. Jumbe huyu alikuwa amebeba jeneza la Kasiani begani, amekula matanga, amemwambia mjane amuachie Mungu. Wote walidhani atamrukia. Aliuliza swali moja: Kasiani alisema nini, alipomkuta pale na kisu na masikio?

Jumbe alikataa kujibu. Salehe akamwambia atajibu hapa au atajibu mbele ya hakimu, lakini mama huyu atasikia.

"Alisema kama nilikuwa na shida, ningemwambia," Jumbe alisema. "Alisema angenipa wawili."

Theresia akageuka, akaegemea nguzo, na alipomgeukia Jumbe tena macho yake yalikuwa makavu.

Salehe alikaa sasa, akaandika. Asubuhi ya jana inspekta wake alikuwa amemshauri ailete kesi hii kama wizi wa mifugo, ifupishwe, milima ile ilikuwa na uchungu wa kutosha. Salehe aliandika wizi. Aliandika kughushi hati ya serikali. Kisha akakandamiza kalamu, akaandika mauaji, majina mawili, akapiga mstari chini yake mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Lori lilikuwa limeachwa barabarani chini, na barabara hiyo hufikiwa kwa njia mbili. Moja hupita kando ya kijito, penye miti, hakuna nyumba. Nyingine hukata kijiji katikati. Jumbe alimsogelea Salehe, akanong'ona, akamwomba kwa heshima ya uzee wake wapite ile ya kijitoni, na aruhusiwe kutupia koti juu ya pingu.

Salehe alilichukua koti, akalitundika kwenye msumari wa baraza.

"Tutapita mlangoni kwa watu," alisema. "Wenye mali waone."

Walitoka jua likingali juu. Theresia alitangulia, kisha washtakiwa wawili, kisha konstebo, Salehe nyuma. Wanawake waliacha kutwanga. Waume waliinuka mashambani, wakaja ukingoni mwa njia na majembe mikononi. Kwa Scholastika, mbele ya banda tupu lililokwisha kuota nyasi, Jumbe aliinamisha uso. Salehe akaamuru wasimame.

"Inua uso, Jumbe."

Hakuinua. Salehe hakumgusa. Alisimama tu pale, mikono nyuma, na wote wakasimama, na Scholastika alisimama mlangoni kwake akimtazama, mpaka jasho lilipomtiririka yule mzee shingoni, akauinua.

Kisha wakaenda nyumba ya pili, napo akainama, napo wakasimama. Kijiji cha Lusange mtu hukimaliza kwa dakika kumi. Siku ile kilichukua saa nzima.